Gesi ya Yai Viza na Figo za Bibi

Bibi yangu ana pua inayojulikana kijiji chetu cha Genkuru kizima. Kuku akiwa bado anaatamia, bibi huinama, humsogeza kwa kiganja, hunusa, kisha huchukua yai moja na kulitupa mbali bila kulitikisa wala kulimulika juani. "Hili viza," husema, na likishapasuka kwenye mawe kila aliye karibu humkubalia kwa kuziba pua. Majirani walikuwa wanamletea maziwa awaambie kama yataganda vizuri au wayamwage. Nilikua nikidhani kila nyumba ina mtu wa namna hiyo, kama kila nyumba ilivyo na jiwe la kusagia.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nafundisha sekondari upande wa Machochwe, ambako wanafunzi wakikosekana mahindi yanapokomaa hatuulizi sana, maana tembo wakitoka hifadhini mtu hawezi kuwafukuza kwa daftari. Katika masomo yangu yote lipo moja ninalolipenda kuliko mengine, na wenzangu wa ofisini wanalichukia. Ni lile la kutengeneza hidrojeni salfaidi. Unaweka vipande vya salfaidi ya chuma kwenye chupa, unadondoshea asidi, unafungua madirisha yote, na bado harufu ya yai viza inatoka maabara inaingia mpaka kwa mkuu wa shule. Wanafunzi huanza kutazamana kwa tuhuma. Huwaacha watazamane kidogo, halafu naeleza.

Huwa nawaambia mambo mawili. La kwanza, gesi hii ni sumu, inaua. La pili, ina hila: ikiwa kidogo pua inaisikia mara moja, lakini ikizidi, au mtu akikaa nayo muda mrefu, inaizima pua, naye akadhani imeondoka. Hayo ndiyo niliyofundishwa, na ndiyo niliyofundisha kwa miaka nikiamini hakuna la tatu.

Sasa niieleze nyumba yetu, maana mgeni akiisikia nusunusu huchanganyikiwa. Bibi alizaa mabinti tu, wakaolewa, kisha mume wake akafa. Kwa desturi yetu Wakurya nyumba isiyo na mtoto wa kiume inaweza kuzimika kabisa, ng'ombe wakaenda kwa ndugu za marehemu na jina likapotea. Bibi alikataa kuzimika. Akachukua ng'ombe waliotoka kwenye mahari ya binti zake, akaoa. Alimwoa mama yangu, kwa ndoa tunayoiita nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ili amzalie watoto wa nyumba yake. Mama akanizaa mimi. Mwanamume aliyehusika hana nafasi katika habari hii na sijawahi kumtafuta. Mama ni mkwe, bibi ni mwenye mji, yaani kaya yote, mimi ni mjukuu. Sina hata tone la damu ya bibi, na hakuna mtu Genkuru anayethubutu kusema hivyo mbele yake.

Wanasema siku niliyozaliwa watu walimpa pole kwa kuwa nilikuwa msichana. Bibi alicheka. "Kwani mimi ni nani?" akawauliza. "Na huyu ataoa." Sijaoa bado, na kila nikienda nyumbani ananikumbusha.

Ugonjwa wa sukari ulimwingia nikiwa chuoni. Aliupokea kama alivyowapokea wakwe wabaya wa binti zake, kwa kuubeza. Alikuwa anameza vidonge akikumbuka, chai akainywa na sukari akiwa na wageni, ili asiaibike. Miaka ikaenda hivyo. Ndipo mama akanipigia simu kwa ile sauti ya chini anayoitumia bibi akiwa karibu.

"Mkojo wake unatoa povu," alisema. "Povu kama la sabuni. Na miguu imejaa, kandambili zinaacha alama."

"Umemwambia?"

"Nimwambieje?"

Nilimwelewa. Kwetu mkwe hamzungumzii mama mkwe wake habari za mkojo, hata kama yeye ndiye anayemwaga ndoo kila asubuhi. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa. Mjukuu na bibi ni watani, na ninaweza kumwambia bibi jambo ambalo mama akilisema wataitwa wazee. Nikaenda kumchukua. Tarime ilikuwa karibu naye zaidi, lakini nilitaka hospitali ambayo ningeweza kumfikisha mwenyewe kila atakapotakiwa, kwa hiyo tukavuka Mto Mara, akalala kwangu Machochwe, na asubuhi tukaenda hospitali ya Mugumu.

Daktari alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, mpole, anayeongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alimwamkia shikamoo. "Marahaba, mura," bibi akajibu. Kwa bibi kila mwanamume aliyezaliwa baada yake ni mura, yaani kijana, hata mkuu wangu wa shule. Vipimo vilipotoka daktari alisogeza kiti chake karibu.

"Bibi, nyumbani unachekecha unga?"

"Nachekechewa."

Daktari akatabasamu. "Basi figo ni chekecheo. Damu inapita, takataka zinatoka kwenye mkojo, vitu vizuri vinabaki. Sukari ikikaa kwenye damu miaka mingi inaharibu chekecheo, matundu yanapanuka. Sasa unga mzuri unamwagika pamoja na pumba. Lile povu ndio unga wenyewe."

"Chekecheo likitoboka tunanunua lingine."

"Hili halina duka, bibi."

Akatueleza bila kutupamba. Palipoharibika hapatengenezeki, ila kinachobaki kinaweza kulindwa. Vidonge vya sukari kila siku, kidonge cha presha ambacho pia kinazikinga figo, chumvi kidogo, hakuna kujinunulia dawa za maumivu, hakuna mizizi ya kuchemsha. Akipuuza, figo zitafika mahali pa kushindwa kabisa, na hapo damu itasafishwa kwa mashine, mara kadhaa kila wiki, maisha yote, kwenye mji mkubwa mbali na kwetu.

"Na ng'ombe?" bibi akauliza.

"Ng'ombe gani?"

"Wangu. Nitamwachia nani?"

Daktari alinitazama mimi nimsaidie. Bibi akihamia karibu na mashine, nyumba aliyoikataza kuzimika ingebaki na mama peke yake, na wapo ndugu za marehemu walioimezea mate tangu zamani. Tulikuwa tunapigania figo, na juu ya figo hizo umekaa mji mzima. Tukiwa njiani kurudi nililia kidogo nikijifanya nimeingiwa na vumbi. Bibi akanipa ncha ya kanga yake bila kunitazama.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusoma habari za figo kwenye simu kila mtandao ulipopatikana. Ndipo nikakutana na gesi yangu. Mwanzoni nilidhani nimesoma vibaya. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwili wenyewe unatengeneza hidrojeni salfaidi, si tumboni tu ambako sote tunajua, bali kwenye mishipa ya damu, kwenye ubongo, na kwenye figo. Ni kidogo mno, pua haiwezi kuisikia, lakini ina kazi. Inalegeza mishipa, inatuliza uvimbe wa ndani, inazuia makovu. Kwa mwenye kisukari inaelekea kupungua humo ndani ya figo. Watafiti walipowapa panya wenye kisukari dawa zinazoiachia gesi hiyo polepole, kwa vipimo vidogo, figo za panya hao ziliumia kidogo kuliko za wenzao.

Niliweka simu chini nikatoka uani kutembea. Miaka yote nimeifundisha kama muuaji. Nimeifungulia madirisha, nimewatisha watoto wa watu, kumbe ilikuwa inafanya kazi kimya ndani ya kila mtoto aliyeziba pua. Niliona fahari, kama mwalimu anavyoona fahari pale mwanafunzi aliyekatiwa tamaa anapoitwa mbele kupewa zawadi. Niliwapenda pia wale watu wa maabara nisiowajua, waliokaa na kitu kinachonuka hivyo, kinachoua hivyo, wakauliza kwa subira kama hakina wema wowote. Si kila mtu ana moyo huo. Mimi mwenyewe sikuuliza.

Nilimweleza bibi. Nilisema panya. Nilisema bado. Nilisema hakuna dawa ya gesi hiyo iliyothibitishwa kutibu figo za mtu. Nayaweka haya wazi kwa sababu baadaye kuna watu walinitazama vibaya.

"Ni hii ya viza?" bibi akauliza.

"Hiyohiyo."

"Na mwili unaitengeneza?"

"Kidogo sana."

"Na yangu imepungua."

"Inawezekana."

Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Kumbe miaka yote nimekuwa nikitupa dawa," alisema. Nikacheka naye. Wiki hiyohiyo alirudi Genkuru kwa ng'ombe wake, na mfuko wa vidonge nikaufunga mwenyewe kwenye kikapu.

Shule ilipofunga nikaenda nyumbani. Harufu nilikutana nayo kabla ya mbwa. Mama alikuwa anafagia uwanja, akaweka kidole mdomoni, akaninyooshea fagio kuelekea nyumba ya bibi. Ndani, bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, na pembeni yake wanawake watatu wa makamo, wote wenye sukari, wote nawajua kutoka kanisani. Mikononi mwao kilikuwa kinazunguka kibuyu cha maziwa kilichozibwa kwa gunzi. Mmoja anazibua, anavuta puani kama wazee wanavyovuta ugoro, anafunga macho, anaziba, anampa mwenzake. Heshima waliyokuwa nayo ilinizidi nguvu. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikakaa karibu na mlango, nikipumulia mdomo.

Walipoondoka nikauliza kilichomo, ingawa nilijua.

"Viza," bibi akasema kwa furaha. "Siku hizi situpi hata moja. Kuku wamekuwa na maana."

"Na vidonge?"

"Nimeviacha. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Nikatazama miguu yake. Ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani. Mimi nina hasira za karibu, na kama si kuwa mjukuu ningeitwa mtovu wa adabu tangu zamani. Nikamwambia kwamba hata panya walipimiwa, yeye ameamua kuoga. Nikamwambia kwamba watafiti wanatafuta njia ya kuipeleka gesi kwenye figo, na pua haiko kwenye njia hiyo. Nikamwambia ameharibu kibuyu.

"Wewe ndiye uliyeniletea habari."

"Nilisema panya, bibi."

"Panya na mimi nani mkubwa?"

"Wewe."

"Basi na dawa yangu iwe kubwa."

Nilitamani kukasirika zaidi nikashindwa, maana hesabu yake ilikuwa na mpangilio. Watoto wangu wa kidato cha tatu hukosea vibaya kuliko hivyo. Kisha akasema neno lililonitoa kicheko chote. "Mwanzoni ilikuwa inanichoma pua. Sasa siisikii kabisa. Imeshaingia mwilini, imetulia."

Nikamweleza lile jambo la pili, la gesi kuizima pua. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mchungaji akihubiri juu ya pombe. Mama alikuwa amesimama nje ya mlango na sahani ya matunda, hakuingia. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, halafu nikaona haya kuwaza kufa ndani ya nyumba ile.

Asubuhi iliyofuata mama alibandika maziwa mekoni akaenda kisimani. Mimi na bibi tulikuwa tumekaa nje, upande wa jiko, upepo ukitujia usoni. Bibi alikuwa ananisimulia ndama aliyezaliwa na baka jeupe. Katikati ya habari nikasikia maziwa yanaungua. Harufu ile haina mfano, kila mtu wa kwetu anaijua, na hakuna aliyeijua kuliko bibi. Zamani alikuwa akiisikia akiwa shambani, akapiga kelele mama akimbie. Nikamtazama. Alikuwa amefika kwenye kwato za ndama.

Sikuinuka. Nilikaa nikaacha maziwa yaungue, ingawa kwetu maziwa hayachezewi. Bibi akaendelea na ndama wake. Maziwa yakafurika, yakazima upande mmoja wa moto, yakanuka mpaka jirani akaita kutoka ng'ambo ya uzio kuuliza kuna nini. Ndipo bibi alipogeuka, akaona moshi kwa macho.

"Maziwa yanaungua," alisema taratibu.

"Yalianza zamani, bibi."

"Zamani lini?"

"Ulipokuwa kwenye kwato za ndama."

Akajishika pua, akaibana, akaiachia, akavuta hewa, akavuta tena. Kisha akanituma kibuyu. Nikakileta nimekishika mbali kama mtoto aliyejinyea. Akazibua, akaingiza pua, akakaa hivyo. Akanipa.

"Kinanuka?"

"Kinanuka mpaka Sirari."

Bibi aliweka mikono kwenye magoti. Sijawahi kumwona amekaa mnyonge namna ile, hata kwenye msiba. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya maziwa. Badala yake akaanza kusema habari za wakati mama alipokuwa na mimba yangu, bibi akawa anapika uji wa mtama na kuwauzia vijana wanaochimba dhahabu kwa mikono. Walikuwa wakija kunywa wamejaa vumbi, wakiambiana habari za mashimo ya zamani, hasa yale yaliyokaa na maji. "Walikuwa wanasema, hewa mbaya ukiisikia, kimbia. Ukiacha kuisikia, imeshakushika." Aliyasema maneno hayo kama anayesoma maandishi ya mbali. "Nimeyasikia kwa masikio yangu nikiwa na kata mkononi. Na jana umenieleza nikakuona mtoto."

"Hukuniona mtoto. Uliniona mwalimu."

Akatabasamu kidogo. "Ni kitu kimoja."

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokisimulia kila ninapotaka watu wamjue bibi yangu. Mwenye mji wa Kikurya hasemi amekosea. Anaweza kubadilisha njia, anaweza kunyamaza jambo mpaka likafa lenyewe, lakini kusimama mbele ya watu na kulitamka, hapana. Nimewaona wazee wakipoteza mashamba kwa kukataa kulitamka. Bibi alimwita mama. Akamwambia asonge ugali, achinje kuku, awaite wale wanawake watatu. Mama akasimama pale akisubiri aambiwe sababu. Haikuwa desturi kumwambia, lakini siku hiyo bibi alimwambia.

"Nimewapoteza njia wenzangu. Nataka nikiwaambia wawe wameshiba."

Walipomaliza kula akasimama, na kusimama kwenyewe kulikuwa kazi kwa miguu ile. Akasema viza si dawa. Akasema mjukuu wake alimwambia panya, yeye akasikia watu. Akasema ameacha vidonge, na anayetaka kujua matokeo atazame, akainua gauni mpaka juu ya vifundo. "Aliyeacha vidonge kwa ajili yangu, kesho arudi kwa daktari. Akiulizwa nani alimdanganya, anitaje." Mmoja wa wale wanawake akaanza kulia, akasema ameviacha. Bibi akamshika mkono, akakaa naye. Mama alikuwa anakusanya sahani, na nilimwona akimtazama bibi kwa macho ambayo sijui niyaeleze vipi, isipokuwa nilielewa siku hiyo kwa nini msichana wa umri wake alikubali kuolewa na mwanamke kama huyu na hakukimbia.

Kibuyu nikakifukia mimi, mbali na migomba. Kilikuwa kibuyu kizuri, chenye shingo ndefu. Bibi alikisindikiza kwa macho kama anayeuza ng'ombe.

Tukarudi Mugumu. Bibi hakunipa nafasi ya kusema. Alimweleza daktari yote yeye mwenyewe, kibuyu, gunzi, ugoro, mafahali wawili. Daktari aliinamisha uso, mabega yakamtikisika, halafu akajizuia. Vipimo havikumchekesha. Unga ulikuwa unamwagika kuliko mara ya kwanza. Akamrudishia vidonge, akaongeza kingine cha kupunguza maji, akamwambia kwa upole kwamba hatakuwa na nafasi nyingi za kukosea namna hiyo.

"Lakini hiyo gesi," bibi akasema. "Mjukuu wangu amedanganywa?"

"Hakudanganywa. Hata mimi nimesoma. Ni kitu kizuri, na wanaoifuatilia wana matumaini. Ila wanataka dawa itakayoiachia kidogo kidogo mahali panapotakiwa, na waione salama kwa watu. Hilo linachukua miaka, bibi. Wakiharakisha wataua watu."

"Na kitunguu saumu? Nasikia nacho kina asili ya hiyo gesi."

Daktari akanigeukia. Nikatazama dari. Nilikuwa nimesema hilo pia.

"Weka kwenye mboga kwa raha yako," alisema. "Usikiweke kwenye kibuyu."

"Basi nitasubiri dawa yenyewe."

"Inaweza kuchelewa."

"Mura," bibi akasema, "mimi nilisubiri mjukuu mpaka nikaoa. Usinifundishe kusubiri."

Daktari hakuelewa. Habari ya ndoa ya bibi na mama nilimweleza baadaye kidogo mlangoni, akabaki amesimama na kalamu yake mkononi.

Bibi alivisubiria vidonge vyake kama mtu anayesubiri basi, amekaa tayari kabla ya saa. Mama akapewa ruhusa ambayo hakuwahi kuwa nayo, ya kumuuliza mama mkwe wake kila asubuhi kama amemeza, na ya kutazama ndoo na kusema alichoona. Ruhusa hiyo bibi aliitoa mbele yangu, kwa sauti, ili isije ikasahaulika. Chai ikawa ya rangi bila sukari, hata wageni wakiwepo. Miguu ikapungua. Pua ikarudi polepole. Siku moja alinipigia simu kunieleza kwamba amemwondolea kuku yai moja, amelitupa kwenye mawe, na lilikuwa viza kweli. Alisema hivyo tu akakata.

Mara ya mwisho tulipokwenda Mugumu daktari alisoma majibu mara mbili. Akasema figo hazijapona na hazitapona, lakini povu limepungua na uharibifu umesimama pale ulipokuwa. Kwa sasa hakuna habari ya mashine. Bibi alitikisa kichwa kama anayethibitisha bei aliyoitaja yeye mwenyewe.

Kisha daktari, kwa wema wake, akanitazama mimi. Nadhani nilichomweleza mlangoni kilikuwa kimemtoka kichwani. Alisema ugonjwa huu mara nyingi hutembea katika damu ya ukoo, na kwamba ingefaa watu wa familia ya bibi nao wapimwe mapema. Alisema na mimi nipimwe leo.

Nilifungua mdomo. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, mimi si wa damu yake, na kijana wa watu asingepoteza kifaa. Nikamwona bibi. Alikuwa amenyoosha shingo, anamtazama daktari kwa fahari, kama mtu aliyesubiri miaka mingi aulizwe swali hilo na mtu wa serikali.

"Mpime," alisema. "Huyu ni wangu. Lazima nimempa."

Nikanyoosha kidole. Kikachomwa, damu ikatoka, tukasubiri wote watatu. Daktari akasema iko sawa kabisa, sina sukari. Nikamshukuru. Bibi hakuridhika. Alikishika kidole changu, akakibana kwa kipande cha pamba, akakigeuza kukitazama.

"Bado mdogo," akamwambia daktari. "Itamjia, kama ilivyonijia." Akaendelea kukibana. "Nilikuambia nitasubiri hiyo dawa ya gesi, na kwa upande wangu nasubiri. Lakini kwa huyu, waambie wenye panya wao waharakishe."